Musituambie «jengeni» wakati bariere inakula manjanja yetu

Wananchi wenzetu, vijana wa Kilembwe, wa Misisi, wa Baraka, na ninyi mnaotusoma kwenye simu kutoka Uvira, Bukavu, Kalemie mpaka Kinshasa,

Kuna wimbo tumechoka nao. Kila mkubwa anayefika huku, awe wa serikali, awe mheshimiwa anayetafuta kura, akishapewa kiti na fanta chini ya hema anaanza palepale: «Vijana wa Kilembwe, dhahabu iko chini ya miguu yenu lakini munalala mu nyumba za majani! Acheni pombe, acheni anasa, jengeni!» Watu wanapiga makofi. Halafu mheshimiwa anapanda gari lake, kamba inashushwa mbele yake bila yeye kutoa ata franga moja, na anarudi mjini kusema kwamba tatizo la Kilembwe ni vijana wake.

Leo tunajibu.

Pita hapa mtaani uhesabu mwenyewe. Utaona misingi iliyochimbwa na kujazwa mawe. Utaona kuta zilizofika usawa wa madirisha zikasimama hapo, nyasi zimeota ndani mahali saluni ingekuwa. Utaona tofali za kuchoma zimepangwa vizuri, zimefunikwa na majani ya migomba, zilianza kungoja wakati mtoto yuko mgongoni na leo mtoto huyo anaenda shule. Hiyo si kazi ya watu wasiotaka kujenga. Walevi wapo, hatutaficha. Lakini angalia kitu ambacho mheshimiwa hakukiangalia: ukuta wa mlevi na ukuta wa yule asiyeonja ata tone la kanyanga vimesimama mahali pamoja, vyote vinangoja paa. Kama ni pombe ndiyo inatuzuia, juu ya nini mlokole naye hana manjanja?

Chukua familia moja ya hapa. Jina halina kazi, zinafanana kama maharagwe ya gunia moja. Baba ana miaka ishirini na kitu, anachimba. Mama ni mtwangaji, yeye na wenzake wanakaa na kinu cha chuma kutwa nzima wakisaga mawe yanayotoka shimoni. Watoto wawili, wa tatu yuko njiani. Wanakaa kwa bayere: chumba kimoja na kasaluni, ukuta wa udongo, paa la nyasi linalovuja upande wa kitanda cha watoto, kwa hiyo mvua ikija usiku kitanda kinahama. Waliingia hapo kwa kutoa garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Jaribu kumsomea bayere wako sheria hiyo, halafu utafute pa kulala.

Baba anatoka kabla ya jua. Mama anawasha moto, anapika uji, anawapeleka watoto kwa jirani, anaenda kutwanga. Mchana anapita sokoni na beseni la ndagala na unga wa muhogo. Jioni anarudi na vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, anakohoa, anapika, anafua. Hiyo ndiyo anasa tunayoambiwa tuiache.

Na dhahabu yenyewe? Mtu wa mjini anafikiri mchimbaji ni mtu anayeinama na kuokota. Shimo lina mwenyewe, huku tunamwita PDG. Shimo lina deni: mafuta ya pampu inayotoa maji, magogo ya kushikilia udongo usianguke, chakula cha kikosi kizima. Aliyekopesha deni hilo mara nyingi ni negosian, na ndiye yeye atakayenunua dhahabu ikitoka, kwa bei yake na kwa mizani yake. Deni linatoka kwanza, sehemu ya PDG inatoka, sehemu za «huduma» zinatoka, halafu vijana waliokuwa chini wanagawana kilichobaki. Unaweza kuzunguka miezi mitatu chini ya udongo ukatoka bila bei ya gunia la unga. Kisha siku moja shimo linafunguka, kijana anapata franga nyingi kwa mara moja, ananunua nyama na viatu vya watoto. Siku hiyo moja ndiyo mheshimiwa alimwona.

Ile miezi mitatu hakuiona.

Franga hiyo ikipatikana, tunaiweka wapi? Benki si jambo la Kilembwe. Na wale ambao walikuwa na ndugu wa kuwawekea mjini, tangu AFC/M23 iingie Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025 wameona milango ya benki imefungwa na akiba imekaa ndani. Kwa hiyo sisi tunaweka akiba kwa njia mbili. Ya kwanza ni likelemba na AVEC, na hapa lazima tuseme wazi kwamba mama zetu na dada zetu ndio wanazibeba: sanduku moja, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, kila wiki kitabu kinagongwa muhuri. Mwisho wa mzunguko wanagawana. Milango mingi ya Kilembwe imenunuliwa na sanduku la AVEC, haikununuliwa na shimo.

Njia ya pili ni kugeuza franga kuwa kitu kizito. Tofali, mbao, manjanja mbili, kesho kutwa manjanja moja. Watu wanacheka kwamba tunalala na manjanja chini ya kitanda. Ndiyo, tunalala nayo. Franga inaazimwa na kila ndugu, inaibiwa, na wenye silaha wakipita usiku wanaidai kwa jina. Manjanja inapiga kelele ikiguswa.

Sasa kuna jambo ambalo wenye kutuhubiria hawalijui kwa sababu hawajawahi kufinyanga tofali. Kiangazi chetu ni kifupi. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, basi. Ndicho kipindi cha kupiga tofali na kuzikausha, ndicho kipindi cha kuwasha furu. Lakini ndicho pia kipindi ambacho maji yanashuka shimoni na mtu anaweza kufika kwenye mawe mazuri. Yaani miezi ya nyumba na miezi ya dhahabu ni ileile. Baba akienda kwenye furu anapoteza nafasi yake kwenye kikosi. Akibaki shimoni, tofali hazichomwi. Kwa hiyo familia inapiga tofali Jumapili baada ya ibada, na usiku kwa mwanga wa toshi, majirani wanakuja kusaidia kwa sahani ya ugali na sombe. Nyumba ndogo ya vyumba viwili na saluni inakula tofali elfu nne, elfu tano. Furu ikiwashwa lazima iwake usiku na mchana, na mtu akeshe nayo kuongeza kuni. Baadaye mvua ya mwezi wa tisa inaanza. Yule ambaye hajapata paa anaangalia kuta zake zikinywa maji.

Ndiyo maana paa si kitu cha «tutaona mwaka kesho». Paa likikosa kufika kwa wakati, ukuta wa mwaka huu unaharibika na mwaka ujao unaanza nyuma ya pale ulipoachia.

Na paa linatoka wapi? Manjanja hazitengenezwi Fizi. Simenti haitengenezwi Fizi. Misumari, bawaba, kufuli, vyote vinavuka ziwa Tanganyika au vinateremka kwa barabara ya Uvira mpaka Baraka. Kutoka Baraka vinapanda Fizi, kutoka Fizi vinakuja kwetu kwa lori mahali lori linapoweza, na mahali lisipoweza vinakuja kwa moto, manjanja zimekunjwa na kufungwa nyuma ya motari. Tope likizidi zinamalizia safari juu ya vichwa vya watu.

Tope tunalijua, tope halina hasira na mtu. Tunazungumza kuhusu kamba.

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walitoa ripoti kuhusu bariere za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Walihesabu karibu 800, na zaidi ya 300 zilikuwa huku Kivu Kusini. Ripoti yenyewe waliipa jina linalomaanisha kwamba kila kinachotembea kitatozwa. Hiyo ilikuwa 2017. Leo, vita vimeongezeka na wenye silaha wameongezeka, hakuna anayepita barabara zetu atakayetuambia kwamba kamba zimepungua.

Fanya hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Nyumba yetu ile inataka manjanja kama thelathini. Tuseme njiani kuna kamba sita, na tuseme kila kamba inachukua bei ya manjanja moja. Unatoka Baraka na thelathini, unafika na thelathini, lakini umelipa thelathini na sita. Hizo sita zilikuwa chumba cha watoto. Kisha kumbuka kwamba sisi hatununui thelathini kwa mara moja. Tunanunua tatu, tunanunua tano, na kamba haihesabu kwa haki: mwenye manjanja tatu na mwenye lori wanaweza kukutana na mkono uleule. Tajiri anapiga simu kabla ya kuondoka, anapita. Maskini analipa kila safari. Mwisho wa mambo, mwenye nyumba ndogo amelipa njiani kuliko mwenye nyumba kubwa, kwa kila manjanja.

Na msituambie kwamba hiyo ni kodi. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria peke yake. Sheria ya adhabu ya nchi hii ina jina kwa mtumishi wa serikali anayepokea kitu anachojua si cha kisheria: konkisyo, na ni kosa la kufungwa. Pesa ya barabara ya kisheria ipo pia, mfuko wa FONER uliundwa mwaka 2008 kwa ajili ya kutengeneza barabara. Sasa mtu aliyesimama na kamba katikati ya tope, hana karatasi, hana bei iliyoandikwa, hana jembe la kuziba ata shimo moja la barabara hiyo, ni kodi gani hiyo? Awe amevaa uniforme ya taifa, awe amevaa majani na hirizi na kujiita mzalendo, kwa mama aliyefunga manjanja tatu nyuma ya moto ni mkono mmoja.

Tunajua watatuambia nini. «Inchi iko mu vita, ngojeni amani kwanza.» Vita tunavijua, sisi ndio tunaozika. Sisi ndio tunaopokea ndugu wanaokimbia vijiji vilivyochomwa, watu wa kila kabila, wanaingia nyumba ileile ya chumba kimoja na kasaluni, watu kumi na wawili chini ya nyasi. Lakini vita havijamzuia mtu yeyote kutoza. Mahali pa kutoza, utawala uko na afya nzuri kabisa. Unaugua mahali pa kutoa huduma tu.

Tuje kwa karatasi, maana ata ukishinda barabara bado hujashinda.

Wazee wengi wa Fizi wameshaanza maisha mara tatu, mara nne. Walikimbia 1996 kuvuka ziwa, wengine wakakaa miaka kumi na zaidi Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, chini ya turubai. Kuanzia 2005 boti zikaanza kuwarudisha Baraka. Walifika na watoto wasioijua nchi yao, wakakuta kiwanja cha baba kina nyumba ya mtu mwingine, na mtu huyo ana karatasi, na karatasi ina muhuri. Sisi tunaosema leo, wengi wetu ni watoto wale wa kwenye boti. Ndiyo maana ukituambia neno «parseli», hatufikirii bustani na maua. Tunafikiria kesi.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, isiyouzwa. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inasimama kisheria kwa karatasi moja tu, sertifika ya usajili. Wangapi Kilembwe wana sertifika? Sisi tuna karatasi ya daftari la shule, iliyokunjwa mara nane, yenye sahihi ya shefu wa lokalite, mashahidi wawili na tone la bia. Na juu ya ardhi ya wenyeji, ile inayotolewa kwa desturi, sheria hiyohiyo kwenye kifungu cha 389 iliahidi kwamba Rais atatoa maagizo maalum ya kuipanga. Mobutu hakutoa. Waliomfuata wakaiacha ikakaa miaka na miaka. Baba aliyezaliwa mwaka ahadi hiyo ilipotolewa ameshapata wajukuu.

Katika pengo hilo ndipo wanapokula. Shefu anakuuzia kiwanja. Shefu akifa, mwanawe anasema baba hakuuza, aliazima. Ndugu yake anasema kiwanja kilikuwa cha ukoo. Mtu wa vipimo anakuja na utepe wake, anapima, anachukua bei ya muhuri. Mwaka ujao anakuja mwingine, anapima kilekile, muhuri wake una bei yake. Na wanachagua wakati vizuri sana: kiwanja kikiwa kitupu hakuna anayekidai. Wanangoja ukuta upande. Ukishaweka tofali elfu nne juu yake, hapo ndipo kiwanja kinapata wenyewe watatu.

Na akija mtu wa madini kusema chini ya nyumba yako kuna mshipa, mjue kwamba ata Kodi ya madini ya mwaka 2002 ilikataza kukalia ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka nyumba za watu bila wenye nyumba kukubali. Andikeni namba hiyo kwenye simu zenu. Itasaidia mtu.

Hapa tunasema na vijana wanaume wenzetu, na tunaomba mtusikilize bila kununa. Angalia ile karatasi ya daftari. Iko na jina la nani? La baba peke yake. Mama ametwanga mawe, sanduku la AVEC limenunua milango, mama amepika kwa kikosi cha furu, lakini karatasi inamjua baba tu. Shimo likianguka, na mashimo yanaanguka, wiki mbili baada ya matanga wanakuja wajomba na baba wadogo: «Mama, asante kwa kumutunza ndugu yetu, sasa rudi kwenu.» Ndoa haikuandikwa kwenye etasivili, karatasi haina jina lake, watoto wadogo. Anarudi kwa bayere. Kodi ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 imeondoa ile ruhusa ya mume ambayo mwanamke aliyeolewa alitakiwa kuiomba ili afanye tendo la kisheria. Basi hakuna kisingizio tena. Anayeililia haki kwenye kamba halafu anaficha jina la mke wake kwenye karatasi, ameweka kamba ndani ya nyumba.

Na dhahabu inakwenda wapi? Hili tutalisema haraka kwa sababu kila mtu anajua na kila mtu ananyamaza. Dhahabu ya Fizi imelipa vita toka zamani. Mzee Kabila alipoanzisha PRP mwaka 1967 na kukaa kwenye maki ya milima hii, dhahabu ilikuwa ikitoka na kuuzwa. Vita vilivyofuata vimekula humohumo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mwaka baada ya mwaka kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa mashariki inatoka nchini kwa magendo. Mwaka 2023 kulianza kampuni ya Primera Gold pale Bukavu, wakasema sasa dhahabu itapita mlango wa mbele. Baadaye serikali ikaichukua, ikaitwa DRC Gold Trading. Julai 2024 gavana wa mkoa akasimamisha uchimbaji Kivu Kusini nzima kwa sababu ya vurugu. Amri zinakwenda na kurudi. Kinu cha mama hakijapumzika ata siku moja.

Lakini sikilizeni jambo hili. Kodi ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema redevansi igawanywe: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 kwa sekta au sheferi au komini ya mahali madini yanapotoka, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Redevansi hiyo inalipwa na kampuni yenye hati. Dhahabu ya kinu na beseni, inayotoka usiku mfukoni mwa mtu, haina redevansi. Haihesabiwi, na kisichohesabiwa hakirudi kwa sekta ya Lulenge. Lakini sisi hatujakosa kulipa! Tumelipa kwenye shimo, tumelipa kwa negosian, tumelipa kwenye kila kamba. Mchimbaji wa Kilembwe anaweza kuwa analipa kuliko mfanyakazi wa ofisi mwenye karatasi ya mshahara, na hakuna daftari la serikali linaloonyesha kwamba alilipa ata franga moja. Kisha wanamwambia sekta haina pesa ya kutengeneza daraja kwa sababu watu hawalipi.

Katiba, kifungu cha 48, inasema haki ya kuwa na makao yanayofaa, haki ya maji safi na umeme, zinahakikishwa. Hatujawahi kuomba serikali ije itujengee. Tofali tunapiga wenyewe. Furu tunakesha nayo wenyewe. Tunaomba isitubomolee njiani.

Kwa hiyo tunadai haya. Bariere zote zisizo na sheria ziondoke kutoka Baraka mpaka Fizi na kutoka Fizi mpaka Kilembwe. Ile yenye sheria iweke ubao, ubao wa mbao tu, wenye bei iliyoandikwa kwa Kiswahili, jina la huduma na namba ya sheria, na kila anayelipa apewe karatasi. Vifaa vya nyumba ya kuishi vya mtu mmoja, manjanja, simenti, misumari, vipite bila kutozwa chochote nje ya sheria, ata kama ni «ya maji» ama «ya sigara».

Tunadai daftari la viwanja kwenye ofisi ya sekta, moja tu, lililo wazi siku maalum kila wiki, mtu yeyote aweze kuja kuuliza: kiwanja hiki kimeandikwa kwa nani? Majirani wa pande nne watie sahihi. Majina mawili, la mume na la mke. Nakala moja ibaki nyumbani. Bei moja, iliyobandikwa ukutani. Hiyo haimalizi mambo ya sertifika, tunajua, lakini inamzuia mtu kuuza kiwanja kimoja mara tatu. Haihitaji msaada wa Ulaya. Inahitaji kitabu kikubwa, kalamu, na mtu asiyekula.

Tunadai pia sekta isome hesabu yake mbele ya watu: kimeingia nini, kimetoka nini. Sheria ya 7 Oktoba 2008 imeifanya sekta kuwa mamlaka yenye bajeti yake. Bajeti ambayo wananchi hawaijui ni mfuko wa nani? Na waheshimiwa wa Fizi walioko Kinshasa, wale wanaopenda sana fanta ya hema, watuambie kwa sauti ahadi ya kifungu cha 389 imefika wapi, na wao wenyewe wamesema nini juu yake bungeni.

Kwako wewe kaka uliyeshika kamba. Tunakujua, umesoma na sisi, umecheza mpira na sisi pale chini. Wewe pia una mke na mtoto wanaolala chini ya nyasi. Franga unayochukua asubuhi, jioni inapanda kwa mkubwa wako, unabaki na ya sigara. Ata wewe manjanja zako siku moja zitatoka Baraka, na utakutana na kamba ambayo hawakujui. Hatukuiti adui. Tunakuambia shusha.

Kwa ninyi mlio mjini: acheni kutuma vile vichekesho vya «mchimbaji na franga yake». Badala yake fanyeni kazi hii. Ukiwa na ndugu anayesafirisha vifaa kuja huku, mwambie aandike tarehe, mahali na kiasi alichotoa kwenye kila kamba. Kama amepewa karatasi, aipige picha. Asiandike jina la motari wala namba ya moto, watu wasije kuumizwa. Asibishane na mwenye bunduki. Sisi hatutupi mawe, hatuchomi gari, hatufanyi kazi ya kabila, na anayekuja kwetu kwa hayo arudi alikotoka. Tunaandika, tunahesabu, tunatembea mchana mbele ya watu.

Barua kwa administrateri wa teritware imeshaandikwa, nakala itakwenda kwa mkuu wa sekta na kwa gavana. Iko kwenye meza ndogo pembeni ya soko kila siku ya soko, kuanzia asubuhi mpaka mama wa ndagala wanapofunga. Beba karatasi yako ya kiwanja, hata kama ni ya daftari, tutaipiga picha tukurudishie palepale. Njoo na mke wako. Kuna mistari miwili kwa kila nyumba.